Mtutu umekaa wapi? Uzi wa wanaopigana na maroboti makubwa (MechWarrior, Armored Core na nyinginezo)

Rubani wa Chuma:

Wakuu, salaam.

Kila mara humu anakuja mtu na kilio kile kile: "Nina roboti la tani 100, nimelibebesha mizinga miwili mikubwa, mbona nanyukwa na mtu wa tani 45?" Anaambiwa apunguze joto linalotokana na kufyatua, aongeze silaha, anunue injini kubwa. Hakuna anayemuuliza hiyo mizinga imekaa sehemu gani ya mwili. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza. Kabla ya uzito, kabla ya idadi ya silaha, niambie mtutu umekaa wapi ukilinganisha na macho yako.

Nitaegemea zaidi MechWarrior Online ya Piranha Games, maana ni ya bure, ilizinduliwa rasmi 2013, na sijaona gemu nyingine inayomwadhibu mchezaji kwa jambo hili bila huruma kama hiyo.

Tuanze na macho. Katika gemu nyingi za askari wa miguu, risasi huhesabiwa kana kwamba inatoka katikati ya kioo, yaani jichoni mwako. Unachokiona unakipiga. Kwenye MechWarrior risasi inatoka mtutuni kwelikweli. Wewe umekaa kwenye chumba cha rubani, juu kabisa ya kiwiliwili, na mzinga wako huenda unaning'inia mita kadhaa chini yako. Basi unapanda kilima taratibu, unamwona adui upande wa pili, alama ya kulengea imetua kifuani kwake, unafyatua, na kombora linafukua udongo wa kilima ulichojificha. Umepoteza risasi, umejipa joto, na adui sasa anajua ulipo.

Dire Wolf na King Crab, yote mawili tani 100, yana ugonjwa huu. Mikono iko chini, na huko ndiko silaha nzito zinakokaa. Ili mitutu ivuke ukingo wa kilima ni lazima upande mpaka karibu kifua chote kiwe nje. Sasa mtazame Blackjack, tani 45, au JagerMech, tani 65. Mikono yao imeinuliwa usawa wa chumba cha rubani. Jicho likivuka ukingo, mtutu nao umevuka. Anachungulia, anafyatua, anarudi nyuma, na wewe wa tani 100 umeona kipande cha paji la uso tu. Huyo ndiye aliyekunyuka.

Hunchback ndiye mwalimu mzuri kuliko wote. Modeli ya 4G, tani 50, ina AC/20 kwenye nundu juu ya bega la kulia. AC/20 ni mzinga wa masafa mafupi, mita 270 ndipo nguvu yake kamili inapoishia, kwa hiyo lazima usogee. Lakini kwa sababu uko juu na uko kulia, ukijibanza nyuma ya jengo na kutokeza upande wako wa kulia, bega linatangulia na mzinga unaona kabla mwili haujatoka. Tokea upande wa kushoto uone tofauti: inabidi utoe bega la kushoto, kifua chote, ndipo mzinga upate nafasi. Roboti ni lile lile na silaha ni ile ile, ila kona imebadilika. Shadow Hawk 2H, tani 55, ni kinyume chake, maana mzinga wake umepanda bega la kushoto. Rubani anayejua hili anachagua barabara ya kupita tangu dakika ya kwanza ya mechi.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kabisa: kwenye karakana, silaha hujaza nafasi za sehemu husika ya mwili kwa mpangilio wa kuziweka. Sehemu ikiwa na nafasi tatu, moja juu na mbili chini, silaha uliyotangulia kuiweka inaweza kukaa juu na iliyofuata ikakaa chini. Kwa hiyo mkiona leza yenu kubwa imetokea kwenye tundu la kiunoni, itoeni, pangeni upya, halafu angalieni picha ya roboti. Haigharimu kitu.

Karibuni tuchangie. Nitarudi na mambo ya kulenga.

Mwana Ukonga:

Nafuatilia mkuu, uzi mzuri. Naomba ufafanue kitu kimoja: kwa nini naona alama mbili katikati ya kioo, msalaba na duara? Nikigeuka haraka vinaachana.

Rubani wa Chuma:

Swali zuri mkuu. Msalaba ni wa kiwiliwili, duara ni la mikono. Silaha zilizo kifuani, ubavuni na kichwani zinafuata msalaba. Zilizo mikononi zinafuata duara. Kiwiliwili ni kizito na kinageuka taratibu, mikono ni myepesi na inatangulia. Ukifyatua kila kitu wakati viwili hivyo vimeachana, leza za mikono zitampata adui na mzinga wa ubavuni utapiga ukuta.

Zipo tabia mbili za kujifunza. Ya kwanza, gawa silaha kwa makundi kufuata sehemu ya mwili, usigawe kwa aina. Leza ya mkononi na leza ya kifuani si ndugu hata kama jina ni moja. Ya pili, kuna kitufe cha kufunga mikono ifuate kiwiliwili. Ukiwa mbali na unapiga kitu kilichosimama, ifunge ili alama zote ziwe moja. Adui akikukaribia, ifungue.

Halafu kumbukeni si mikono yote ni mikono. JagerMech, Blackjack na Rifleman hawana kiwiko wala kiganja, mkono wote ni bomba. Mikono ya namna hiyo inapanda na kushuka lakini haiendi kulia wala kushoto. Ndiyo bei wanayolipa kwa ile mitutu ya juu.

Bint Tanga:

Naomba nipingane na mtoa mada kidogo, kwa heshima.

Mnaisifu mitutu ya juu kana kwamba vita yote ni ya kuchungulia vilimani. Mimi napigana karibu, ndani ya mita 200, na huko hesabu inabadilika. Adui yangu mkubwa ni vile viroboti vya tani 20, Locust, vinavyonizunguka miguuni. Silaha za kiwiliwili hazishuki vya kutosha wala hazigeuki haraka ya kutosha. Anayeniokoa ni mkono, tena mkono wenye kiwiko, ambao unaweza kuelekea chini na pembeni wakati kifua bado kinahangaika. Mwenye nundu begani akifikiwa na Locust mgongoni hana la kufanya.

Pili, nundu inaonekana. Kila mtu anayekutana na Hunchback 4G anajua apige wapi. Bega la kulia likiondoka, AC/20 imeondoka nalo, umebaki na leza ndogo ndogo na matumaini. Silaha iliyokaa juu na kujitokeza ndiyo inayopigwa kwanza.

Mimi natumia Centurion. Modeli ya A ina mzinga mkono wa kulia, makombora ubavu wa kushoto, na mkono wa kushoto hauna silaha. Watu wanauona mkono ule kama hasara. Kwangu ndio ngao. Nafyatua, nageuza kiwiliwili, mkono mtupu unapokea kipigo, mzinga ukiwa tayari nageuka tena. Mpangilio wa silaha si wa kushambulia pekee, unaamua pia upande gani wa mwili wako unaweza kuutoa sadaka. Roboti lililogawa silaha sawasawa kulia na kushoto halina upande wa kutoa.

Rubani wa Chuma:

Dada Bint Tanga, hoja yako ya ngao naikubali yote, na inaupa uzi huu nguvu. Kwenye vita ya karibu mkono wenye kiwiko ni mali. Ila ona kwamba na wewe umechagua roboti kwa kuangalia mtutu umekaa wapi. Hukuchagua kwa tani.

Sasa nije kwenye lile nililoahidi, maana ndilo linalowapoteza hata wazoefu: risasi za mitutu tofauti zinakutana wapi.

Mtutu mmoja uko mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, na vyote viwili vinataka kupiga sehemu moja. Ili hilo litokee lazima vielekee ndani kidogo, na kiasi cha kuelekea ndani kinategemea umbali. MechWarrior Online inafanya hesabu hiyo yenyewe, papo hapo: inapima umbali wa kitu kilicho chini ya alama yako ya kulengea, kisha mitutu inaelekezwa ikutane hapo. Alama ikiwa juu ya adui aliye mita 300, risasi zinakutana mita 300. Vizuri kabisa.

Tatizo linaanza adui akikimbia. Tuseme anapita mbele yako kwa kilomita 90 kwa saa, ambayo ni mita 25 kwa sekunde. Yuko mita 250. Risasi yako, tuseme, inakwenda mita 500 kwa sekunde, kwa hiyo itachukua nusu sekunde kufika, na ndani ya nusu sekunde hiyo atakuwa amesogea mita 12 na nusu. Basi unalenga mbele yake, mita 12 na nusu, mahali pasipo na mtu. Sasa alama yako iko juu ya nini? Iko juu ya mlima ulio nyuma yake, labda mita 1000. Gemu inapima mlima. Mitutu inajipanga ikutane mlimani.

Ikiwa mitutu yako imeachana mita 8, risasi zikifika alipo adui bado zitakuwa zimeachana mita 6. Moja inapita mbele ya pua yake, nyingine nyuma ya mgongo wake. Ulilenga sawasawa na umekosa zote mbili. Mtu anadhani mkono wake ni mbovu, au mtandao, kumbe ni upana wa mabega ya roboti lake.

Ndiyo maana mizinga ya risasi zinazosafiri, AC, Gauss na PPC, nairundika upande mmoja, ikiwezekana ubavu mmoja. Mitutu ikiwa karibu karibu haijali inakutana wapi, zinakwenda pamoja kama kundi. Leza hazisafiri, unaiweka alama juu ya mwili wa adui mwenyewe, kwa hiyo hizo unaweza kuzitawanya mikononi bila hasara kubwa. Anayetaka mizinga ya mikono miwili, basi apige adui anapokuja moja kwa moja kwake au aliyesimama, au asubiri apite mbele ya ukuta ulio karibu naye, maana hapo gemu itapima ukuta na umbali utakuwa karibu sahihi.

Hilo la ukuta lifanyieni mazoezi kwenye uwanja wa majaribio wa gemu yenyewe. Maroboti yale yamesimama, lakini lengeni pembeni ya roboti moja, kwanza likiwa na mlima wa mbali nyuma yake, kisha likiwa limeegemea jengo. Mtaona risasi zinavyopishana.

Dungu la Zamani:

Niongeze historia kidogo, maana hivi vituko vya kulenga vina asili yake.

Haya maroboti ya MechWarrior yalizaliwa mezani. Kampuni ya FASA ya Marekani ilitoa mchezo wa meza 1984 ukiitwa BattleDroids, mwaka uliofuata ukawa BattleTech. Pale kulenga ni kete. Ukishapata, unarusha kete mbili tena kujua umempiga wapi: ukipata 7 akiwa amekuelekea ni kifua cha kati, ukipata 12 ni kichwa. Kila silaha inarushiwa kete zake. Kwa hiyo ukifyatua silaha nne, moja inaweza kwenda mguuni, moja mkononi, mbili kifuani. Unene wa chuma cha kila sehemu ulipangwa kwa kuzingatia kutawanyika huko.

Kompyuta ilipokuja, ikampa binadamu alama ya kulengea. Sasa silaha nne zinatua kwenye kifua kile kile kwa pamoja, jambo ambalo kete zingekupa kwa nadra sana. Piranha walilazimika kuongeza chuma cha maroboti mara mbili ya kile cha mezani, na baadaye wakaweka adhabu ya joto la ziada kwa anayefyatua silaha nyingi za aina moja kwa mkupuo. Gauss nayo ikawekewa kuchajiwa kwanza: unashikilia kitufe, unasubiri, ndipo unaachia. Yote hayo ni juhudi za kurudisha kile ambacho kete zilikuwa zinakifanya.

Ndiyo maana mimi nauona mtutu wa chini, mikono mipana na msalaba unaoachana na duara kuwa sehemu halali ya mchezo. Hivyo ndivyo vinavyobaki kutawanya risasi.

Nyali Boy:

Wadau, mimi niko Mombasa, sina kompyuta, nacheza War Robots kwa simu. Kule roboti lenyewe hulenga adui ukishamchagua kuwa shabaha. Je, haya yananihusu?

Bint Tanga:

Yanakuhusu sana kaka. Kulenga umefanyiwa, kwa hiyo kinachobaki mkononi mwako ni mahali pa kusimama, na hapo ndipo nafasi ya silaha inapofanya kazi. Tazama roboti lako hangani kutoka mbele. Silaha yako nzito iko kulia au kushoto? Juu au chini? Kona unayotokea iwe ya upande huo. Wenye Trebuchet, inayopiga mita 1100, wanaishi kwa ujanja huu: wanatoa bega, wanaachia, wanarudi. Ukiwa na silaha ya Orkan ya mita 300 unahitaji kona za karibu zaidi, ila kanuni haibadiliki. Ukiona kizuizi ni kirefu kuliko mtutu wako, basi silaha kama Zenit ndizo zinazovuka, kwa kuwa makombora yake yanapanda juu kwanza ndipo yashuke.

Msafiri_K:

Wa Armored Core VI tupo humu? Ilipotoka Agosti 2023 nilitoka MechWarrior nikahamia moja kwa moja, na nafasi za silaha kule zina mantiki nyingine kabisa.

Una sehemu nne: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mgongo kulia, mgongo kushoto. Unakimbia na kuruka mno kiasi kwamba ukingo wa kilima hauna maana. Kinacholenga ni mfumo wa kompyuta uliouchagua, na kila mfumo una ubora wake kwa karibu, kati na mbali. Mtu anaweka bunduki za karibu halafu anachukua mfumo wenye nguvu mbali, kisha analalamika risasi hazishiki.

Mikono nayo ina hesabu zake. Kuna mikono inayodhibiti mtikisiko wa bunduki vizuri, na kuna iliyotengenezwa kwa mapanga. Ukichukua mikono ya mapanga ukaishikisha bunduki mbili za risasi za mfululizo, utaona duara la kulengea linavyopanuka. Na panga lenyewe linakaa upande wa kushoto tu, kwa hiyo upande huo wote unaupanga kwa kuzingatia hilo. Ukifungua uwezo wa kubeba silaha za mikononi mgongoni, unaweza kuweka bunduki ya pili nyuma na kubadilishana na panga.

Kituko kikubwa kuliko vyote ni mizinga ya mgongoni. Roboti la miguu miwili likifyatua mzinga mzito linasimama kwanza, linajiweka sawa, ndipo lipige. Muda huo wa kusimama kwenye pambano la watu wawili ni mrefu sana. Lenye miguu ya namna ya kifaru cha vita linapiga huku linakwenda. Kwa hiyo kule swali la mtoa mada linageuka: si mtutu umekaa wapi tu, ni miguu gani imeubeba.

Rubani wa Chuma:

Msafiri_K, asante, hilo la miguu sikuligusa na ni la msingi. Kwenye MechWarrior kuna ndugu yake mdogo: milango ya makombora. Catapult ana masanduku mawili kama masikio, yenye milango. Ikiwa imefungwa inapunguza madhara ya kipigo, lakini ukibonyeza kufyatua unasubiri ifunguke kwanza. Anayechungulia haraka anafungua milango mapema kabla hajatokeza, na kuna kitufe chake.

Mwana Ukonga:

Mkuu, sisi wa huku tunaocheza kwenye seva za Ulaya pingi (ucheleweshaji wa mtandao) iko juu. Je, nilenge mbele zaidi ya mnavyosema?

Rubani wa Chuma:

Hapana. MechWarrior Online ina mfumo ambao seva inarudi nyuma kuangalia adui alikuwa wapi kwenye kioo chako ulipofyatua. Kwa hiyo lenga unachokiona. Ongeza nafasi ya safari ya risasi tu, usiongeze ya mtandao. Ukiongeza zote mbili utakuwa unapiga mbele ya pua zao mechi nzima.

Mwana Ukonga:

Nimeelewa. La mwisho: nina Atlas D, nimeipenda kwa sura yake na siiachi. Nimfanyeje?

Rubani wa Chuma:

Usimwache, ni roboti la heshima. Ila lijue mwili wake. AC/20 iko ubavu wa kulia, karibu na kiuno. Makombora yako ubavu wa kushoto. Leza zimegawana mikono na kifua cha kati.

Vilima visahau. Ukipanda ukingo na Atlas, mpaka AC/20 ione, kila mtu ameshakuona. Tafuta majengo na kuta zilizosimama wima, na daima tokea upande wa kulia. Mjini, kama River City, kaa na ukuta mkono wako wa kushoto unaposonga, ili kila kona unayofika itokeze ubavu wa kulia kwanza.

LRM, yaani makombora ya masafa marefu, zitoe. Ndani ya mita 180 hazifanyi kazi na AC/20 yako inataka uwe karibu, kwa hiyo silaha mbili hizo zinakuvuta pande mbili. Weka SRM, makombora ya karibu, mahali pake, silaha zote ziwe za masafa mafupi. AC/20 ipe kitufe chake peke yake, usiichanganye na leza za mikono, maana mmoja anafuata msalaba na wengine wanafuata duara. Ukishafyatua AC/20, geuza kiwiliwili kwenda kulia, bega la kushoto ndilo lipokee. Subiri mzinga ujae, rudi, fyatua, geuka tena.

Ukimaliza mechi chache lete picha ya karakana hapa tuone silaha zimekaa matundu gani.